Kabla ya Minatogawa kulikuwa na kikao

Samurai mmoja kutoka milima ya Kawachi, Kusunoki Masashige, ameketi mbele ya wakuu wa ikulu ya Kyoto, Japani, mwaka 1336, na anawaambia jambo wasilotaka kulisikia. Tuuache mji, anasema. Mfalme apande Mlima Hiei, akae kwa watawa. Adui, Ashikaga Takauji, tumwache aingie Kyoto. Mimi nitarudi kwetu Kawachi nikafunge njia ya mto, chakula kisipite. Njaa ikishawakamata, jemadari mwenzangu Nitta Yoshisada ashuke kutoka mlimani, mimi nije kutoka kusini, tuwabane katikati.

Kabaila mmoja, Bomon Kiyotada, anamjibu kwamba ni aibu Mfalme kuukimbia mji wake mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Majeshi ya Mfalme yameshinda siku zote kwa sababu mbingu ziko upande wake, wala si kwa hila za vita. Basi Kusunoki Masashige atoke, akapambane na adui hukohuko njiani.

Masashige habishi tena. Anaondoka.

Siku chache baadaye, baada ya vita vya Minatogawa, alikuwa maiti.

Wiki kadhaa sasa nakifikiria kikao hiki. Wapenzi wa habari za samurai wanakijua kifo cha Masashige, na wengi wanakipenda. Mimi kila nikikifikia kifo hicho narudi nyuma, naingia tena kwenye kile chumba.

## Hakuwa mwoga

Anayetaka kuupima ule ushauri aanze na ngome ya Chihaya.

Mwaka 1333, serikali ya kijeshi ya Kamakura ilipokuwa inamsaka kila aliyemuunga mkono Mfalme Go-Daigo, Masashige alijichimbia kwenye ngome ndogo katika milima ya Kongo na watu wachache. Jeshi kubwa likamzunguka. Yeye akawaangushia magogo na mawe. Usiku akatengeneza sanamu za majani makavu, akazivika deraya na kofia za vita, akazisimamisha chini ya ngome. Kulipopambazuka adui wakadhani watu wametoka, wakazimiminia mishale, na waliposogea karibu wakakutana na mawe kutoka juu. Hivyo ndivyo linavyosimulia Taiheiki, simulizi refu la vita vile, ambalo kwa idadi ya askari hutia chumvi bila haya. Lakini kwamba Chihaya haikuanguka ni kweli, na kwamba wakati Kamakura imeng'ang'ania mlima mmoja wengine walipata nafasi ya kuasi ni kweli pia. Mwaka huohuo Ashikaga Takauji aliigeuka Kamakura akaiteka kambi yao ya Kyoto, na Nitta Yoshisada akaiteka Kamakura yenyewe.

Huyu, basi, ndiye aliyekuwa anasema. Hodari wa kusubiri, hodari wa kumchosha mwenye nguvu kuliko yeye.

Na hakuwa anabahatisha. Kyoto ni mji rahisi kuuteka na mgumu kuushikilia, kwa sababu chakula chake hutoka nje, kwa njia ya mto Yodo na Ziwa Biwa. Mwanzoni mwa mwaka uleule wa 1336, Takauji, ambaye sasa alikuwa amemwasi Mfalme, aliingia Kyoto. Mfalme akapanda Hiei. Haukupita muda, Nitta, Masashige na Kitabatake Akiie wakamfurusha Takauji hadi akakimbilia kisiwa cha Kyushu. Masashige alikuwa anaomba warudie jambo lililofanikiwa miezi michache tu iliyopita.

Wakamkatalia kwa sababu hiyohiyo: lilikwisha kufanyika mara moja, mara ya pili lingeonekana vibaya.

Hapo ndipo pananiuma. Laiti wangempinga kwa hoja ya vita, ningewaelewa. Hawakusema mto haufungiki, wala kwamba Takauji ana akiba ya chakula. Walisema heshima.

## Sakurai

Njiani kutoka Kyoto, mahali panapoitwa Sakurai, Masashige alimsimamisha mwanawe Masatsura akamwambia arudi nyumbani. Taiheiki linampa mtoto miaka 11. Palipotokea hayo leo ni bustani ya kumbukumbu katika mji wa Shimamoto, mkoa wa Osaka.

Nilikuwa nalisoma tukio hili kama huruma ya baba, nikaishia hapo. Nilipolirudia niliona mambo mawili. La kwanza, Masashige alijua anakwenda kufa. Hakujidanganya na zile mbingu za Kiyotada. La pili, hakuona kwamba kifo chake kinamdai mtu mwingine afe naye siku ile. Mtoto alitaka kwenda. Baba akakataa.

Sitaki kumpamba. Hakumwambia mwanawe atupe upinde akalime. Alimwambia akue, awakusanye watakaobaki, washike milima ya Kongo na kupigana adui akija. Masatsura alifanya hivyo, akafa vitani Shijonawate mwaka 1348, kijana bado. Lakini pale Sakurai neno la mwisho la baba lilikuwa rudi.

## Mashua zikapita

Vita vyenyewe vilichukua sehemu ya siku moja, Julai 1336, katika eneo ambalo sasa limemezwa na mji wa Kobe. Hata mto Minato wenyewe haupiti tena pale ulipopita. Uligeuzwa njia mwaka 1901, na juu ya mkondo wa zamani ukajengwa mtaa wa Shinkaichi, uliokuja kuvuma kwa kumbi za michezo na sinema.

Takauji alikuwa anarudi kutoka Kyushu akiwa na koo za magharibi nyuma yake, baada ya kushinda vita vya Tatarahama kulekule. Yeye alikuja kwa bahari ya ndani ya Seto. Mdogo wake, Tadayoshi, alikuja kwa nchi kavu. Nitta akajipanga kwenye rasi ya Wada kuulinda ufuko. Masashige akakaa upande wa magharibi wa mto kulizuia jeshi la nchi kavu. Taiheiki linampa wapanda farasi 700.

Kisha mashua za ukoo wa Hosokawa zikafanya jambo jepesi kabisa. Zikapita.

Zilielekea mashariki kwenye msitu wa Ikuta, kama vile zinakwenda kushusha watu nyuma ya Nitta. Nitta akaona atakatiwa njia ya kurudi Kyoto, akaliondoa jeshi lake kuzifuata. Ufuko ukabaki mtupu. Takauji akashuka pale rasini bila wa kumzuia, na Masashige akawa katikati: Tadayoshi mbele, Takauji nyuma.

Angeweza bado kutafuta upenyo. Alifanya kinyume, aliwavamia watu wa Tadayoshi. Farasi wa Tadayoshi akakanyaga kichwa cha mshale, mguu ukamshinda, na ikabaki kidogo tu wamfikie. Askari wake mmoja akajitupa kati, akampa bwana wake farasi wake mwenyewe. Taiheiki linasema mapigano yaliendelea karibu saa sita, Masashige akiwavamia mara 16, mpaka katika 700 wakabaki 73.

Huku Kyoto, siku chache baada ya habari kufika, Mfalme Go-Daigo aliuacha mji.

Akapanda Mlima Hiei.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Aibu waliyoikwepa kwa gharama ya watu wale waliibeba hivyohivyo, ila sasa bila Masashige wa kuufunga mto.

## Nyumba ya mkulima

Walioponea waliingia kwenye nyumba moja kijijini, kaskazini ya mto. Masashige akavua deraya kujitazama. Majeraha 11. Wengine wakajipanga safu mbili, wakalitaja jina la Buddha Amida mara kumi, wakajitumbua matumbo.

Kabla ya hapo Masashige alimwuliza mdogo wake, Masasue, anatamani nini katika maisha yajayo. Masasue akacheka, akasema angependa kuzaliwa binadamu mara saba, kila mara awaangamize maadui wa Mfalme. Masashige akafurahi, lakini kwanza akasema kwamba hilo ni wazo baya, lenye dhambi nzito. Kisha akasema hata yeye analo hilohilo. Wakachomana visu, wakafa pamoja.

Mwanzo hiyo dhambi niliipita haraka. Baadaye imekuwa ndiyo sentensi ninayoirudia kuliko zote. Anayekufa na chuki mkononi, kwa mafundisho ya Kibuddha waliyokuwa nayo, anajifunga asipate wokovu. Masashige alilijua hilo, akalisema waziwazi, akachagua hivyo. Hakudai kwamba ni jambo zuri.

Kuna mtu mwingine ambaye wasimulizi humtaja kwa mistari michache tu. Mmoja wa ukoo wa Kikuchi, mpiganaji wa upande wa Mfalme, alikuwa ametumwa na kaka yake aje kutazama hali ya vita upande ule. Akafika pale nyumbani, akawakuta wanajiua. Hakuna aliyemwamuru afe. Aliona tu kwamba hawezi kuwaona watu hawa kisha akarudi zake. Akajiua pamoja nao.

Alikuja kuangalia.

## Swali la baba mdogo

Baba yangu mdogo ni mwanajeshi mstaafu, na nilimpigia kwa sababu nilikuwa nazunguka palepale. Nikamsimulia kila kitu, kuanzia kikao mpaka ile nyumba. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Huyo alitoa taarifa yake kwa wakubwa," alisema. "Wakubwa wakaamua. Hapo askari hana la kuongeza."

"Hata kama anajua wanakosea, baba?"

"Hata kama anajua. Kila mwenye akili akianza kwenda na njia yake, hilo si jeshi tena, mwanangu."

Akanyamaza kidogo.

"Lakini nikuulize. Hao waliomkatalia, siku ya vita walikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kwamba hakuna simulizi ninalolijua linalomweka Kiyotada Minatogawa. Na tangu siku hiyo nimeona kwamba hata kumtaja Kiyotada ni kukwepa. Wasomaji wa Japani wamemlaumu huyu kabaila kwa karne nyingi, na lawama anastahili. Lakini yeye alisema tu. Aliyekuwa na uwezo wa kuamua ni Go-Daigo, na maneno ya Kiyotada yasingemfikisha Masashige popote kama Mfalme asingeyakubali. Kumlaumu mshauri mbaya ni njia ya zamani sana ya kumwacha mkubwa abaki safi.

Baba mdogo alinitikisa pia upande wa pili. Mimi nilikuwa nimeshamhukumu Masashige kwa kuinuka na kuondoka bila kubisha. Mbona hakugoma? Mbona hakurudi Kawachi, akaufunga ule mto kwa hiari yake, akawalazimisha waone? Sasa sina uhakika. Mtu wa Kawachi asiye na ukoo mkubwa, aliyeinuliwa na Mfalme mwenyewe, akiuacha msimamo siku adui yuko njiani, kesho ataitwa nini? Na Nitta angesimama ufukoni peke yake. Sipendi alichokifanya, ila sioni tena kama ilikuwa rahisi kufanya kingine.

## Simulizi la upande wa pili

Kuna maandishi mengine ya wakati ule, Baishoron, yaliyotoka kwa watu wa Takauji, yaani washindi. Yenyewe yanamsimulia Masashige kikao kingine, cha mapema zaidi, wakati Takauji ameshakimbilia Kyushu na ikulu inasherehekea.

Humo Masashige anamshauri Mfalme amwangamize Nitta na apatane na Takauji. Yeye mwenyewe yuko tayari kwenda kama mjumbe. Anaeleza kwamba ameona wapiganaji wengi, hata wa mjini, wakimfuata Takauji aliyeshindwa na kuwaacha walioshinda, na kwamba hiyo ni dalili Mfalme amepoteza mioyo ya watu. Wakuu wakashangaa, wakamcheka.

Siwezi kuapa kwamba maneno yalikuwa yaleyale. Washindi wana sababu ya kutaka adui mashuhuri aonekane alimsifu bwana wao. Lakini maandishi hayo yanamwomboleza Masashige kwa heshima, kama mtu mwenye busara na ushujaa, na Taiheiki linasema Takauji alikirudisha kichwa chake kilichokatwa kwa mke na watoto. Pande mbili zilizouana zinakubaliana juu ya jambo moja: Masashige alitoa ushauri, na haukusikilizwa.

Waswahili tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu ndiye hakusikia, na guu lililovunjika likawa la mtu mwingine.

## Waliokuja kumtumia

Kwa zaidi ya karne mbili baada ya kifo chake, Masashige alihesabiwa adui wa ikulu, kwa sababu ukoo wa kifalme wa Kaskazini, uliosimikwa na Takauji, ndio uliobaki kwenye kiti. Alisamehewa rasmi mwaka 1559. Mwaka 1692 Tokugawa Mitsukuni, bwana wa Mito, akamjengea kaburi la jiwe pale Minatogawa, lenye maandishi ya kumlilia mtumishi mwaminifu. Mwaka 1872 serikali ya Meiji ikaanzisha hekalu la Kishinto hapohapo. Mwaka 1900 ikamalizika sanamu yake ya shaba, juu ya farasi, nje ya ikulu ya Tokyo.

Takauji akapata kinyume chake. Mwaka 1863 watu wenye hasira ya kumtetea Mfalme walivikata vichwa vya sanamu za mbao za mashoguni, yaani watawala wa kijeshi, watatu wa Ashikaga, yeye akiwa wa kwanza, wakavianika kando ya mto huko Kyoto. Mwaka 1911 serikali iliamua vitabu vya shule vifundishe kwamba ikulu halali ya karne ya 14 ilikuwa ya Kusini, ya Go-Daigo, ingawa Mfalme Meiji mwenyewe alitokana na ukoo wa Kaskazini. Mwaka 1934 waziri wa biashara, Nakajima Kumakichi, alijiuzulu kwa sababu ya makala yake iliyomsifu Takauji.

Waziri mzima anapoteza kazi kwa ajili ya mtu aliyekufa miaka karibu 600 nyuma. Hapo ujue historia imeshafanywa silaha, na silaha hutafuta wa kumpiga.

Nembo ya ukoo wa Kusunoki ni ua la krisanthemumu likielea juu ya maji, kikusui kwa Kijapani. Novemba 1944 nembo hiyo ilichorwa kwenye torpido zilizoendeshwa na mtu ndani yake, asiyetegemewa kurudi. Kati ya Aprili na Juni 1945, mawimbi kumi ya mashambulizi ya marubani wa kujitoa mhanga huko Okinawa yaliitwa Kikusui, la kwanza mpaka la kumi. Yale maisha saba ya Masasue yaligeuzwa kuwa kiapo cha kuitumikia nchi, na vijana wakayaandika kwenye vitambaa vya kichwani. Ile sehemu ambapo Masashige anasema hilo ni wazo la dhambi haikuandikwa.

Na kikao hakikuandikwa. Marubani wale walifundishwa kwamba Masashige alitii. Wangefundishwa pia kwamba aliyetii ndiye aliyekuwa sahihi, na waliomtuma ndio waliokosea, labda kuna ambao wangeuliza kitu. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu, watu wa kuuliza maswali. Nikiwafikiria namkumbuka yule wa ukoo wa Kikuchi. Yeye angalau hakusukumwa na mtu.

## Mtoto asiye na sanamu

Masashige alikuwa na mwana mwingine, Masanori. Yeye hukumbukwa kidogo, na mara nyingi kwa kuguna.

Masanori alipigana upande wa Kusini kwa miaka mingi, akaingia Kyoto kwa silaha zaidi ya mara moja, na kila mara mji ukawashinda kuushikilia, kama baba yake alivyojua. Akaanza kutafuta suluhu. Wenye msimamo mkali wa ikulu yake walipoikataa, mwaka 1369 alivuka akajiunga na Kaskazini. Watu wa upande wake wa zamani wakamvamia huko Kawachi. Baadaye sana alirudi Kusini.

Waliomwita msaliti walimpima kwa kifo cha baba. Mimi nadhani alikuwa ameshika kile ambacho baba alikisema kabla hajafa. Kama Baishoron inasema kweli, mtu wa kwanza wa ukoo ule kutaka mapatano na Ashikaga hakuwa Masanori.

Mapatano yalikuja mwaka 1392. Mfalme wa Kusini, Go-Kameyama, alirudi Kyoto na kukabidhi vito vya ufalme kwa Go-Komatsu wa Kaskazini, akiahidiwa kwamba koo mbili zitapokezana kiti. Ahadi ile haikutimizwa. Lakini vita viliisha, miaka 56 baada ya Masashige kuomba atumwe kama mjumbe, wakamcheka.